Mechi 162, Mgongo Mmoja

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Kaka zangu, dada zangu, hamjambo. Vijana mliosimama kule nyuma, viti vipo huku mbele, karibuni mkae.

Sababu ya kuitwa hapa wengi mnaijua. Majuzi tulikuwa msibani, na baada ya kula wanaume walitoka uani wakaanza kubishana juu ya besiboli. Mimi nilikuwa jikoni nabandua ukoko kwenye sufuria, dirisha liko wazi, nasikia kila neno. Mmoja anasema Juan Soto anawaibia watu, hakuna binadamu wa kulipwa dola milioni 765 kwa kazi ya kupiga mpira kwa gongo. Wa pili anasema fedha si hoja, hoja ni ratiba: mechi 162 kwa msimu, nani ana muda huo, na ukishalipa tiketi unaambiwa nyota uliyemfuata leo amepumzishwa. Wa tatu, kijana wetu aliyezaliwa hapahapa Baltimore, akasema yote hayo ni porojo, mchezo ulikufa zamani, uliuawa na dawa za kuongeza nguvu. Akamtaja Barry Bonds, akamtaja Mark McGwire, akamtaja na Rafael Palmeiro wa hapa kwetu. Nikafuta mikono nikatoka. Nilichosema pale sikukipanga, na nilikisema kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa msibani, mpaka mwenyekiti akaniambia, dada, hayo yaweke, utatueleza siku ya mkutano. Basi nimekuja nayo.

Ninalosema ni hili. Mabishano yale hayakuwa matatu. Lilikuwa bishano moja juu ya mwili wa mtu anayefanya kazi: unauzwa bei gani, unafanyishwa kazi siku ngapi, na unameza nini ili uendelee kusimama. Na katika saa nzima ya kelele, sikumsikia hata mmoja akimtaja mwenye klabu.

Nieleze nilivyoingia humu. Nilifika Baltimore kutoka Tanga mwaka 2003, na kama wengi wenu nikaanza kazi ya kutunza wazee majumbani. Mwaka 2005, mwezi wa nne, nikapelekwa Dundalk kwa mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha chuma cha Sparrows Point. Jina lake silitaji. Mimi nilimwita Babu, na alipojua maana yake akakataa kuitwa vingine. Miguu yake ilikuwa imekwisha, lakini mikono ilikuwa mizima, na kila jioni ikifika saa moja alitaka vitu vitatu: redio, penseli iliyochongwa, na daftari lake.

Daftari lile ndilo lililonifundisha mchezo. Kila ukurasa una mistari tisa ya wapigaji wa upande huu na tisa ya upande ule, na visanduku vidogo kama vya daftari la hesabu la mtoto wa shule. Mpigaji akikosa mara tatu, unaandika K. Akitolewa huku kasimama tu anaangalia, gongo halikutikisika, unaandika K hiyohiyo lakini imegeuzwa, mgongo wake upande wa kulia. Babu alikuwa akinipa penseli anaposhikwa na usingizi, na akiamka ananikagua. Nakumbuka siku nilipogundua kwamba kila mtu ana mahali pake mle, hata aliyeingizwa mwishoni kukimbia kituo kimoja tu kati ya vinne vya uwanja. Mwenye klabu hana mstari. Mechi inaandikwa yote, mwanzo hadi mwisho, na jina lake halionekani popote.

Sasa tuje kwenye mikataba, maana hapo ndipo sauti zilipopanda juu kuliko kote.

Anayesema wachezaji hawa wanalipwa kupita kiasi aanze na Curt Flood. Huyu alikuwa mtu mweusi, mchezaji wa St. Louis Cardinals, hodari wa kudaka mipira kuliko karibu wote wa zama zake. Oktoba 1969, baada ya misimu 12 katika klabu hiyo, aliambiwa amepelekwa Philadelphia. Hakuulizwa. Zama zile kila mkataba ulikuwa na kifungu kilichoipa klabu haki ya kumfunga mchezaji mwaka mwingine kila mkataba unapoisha, na mwaka mwingine tena, na tena, mpaka klabu yenyewe imchoke. Flood akakataa kwenda. Mkesha wa Krismasi alimwandikia kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, kwamba baada ya miaka 12 ya kazi hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali mwenyewe anataka nini. Alikuwa akilipwa dola 90,000 kwa mwaka, na wakati ule hizo zilikuwa fedha nyingi sana, kwa hiyo akatupiwa swali lilelile nililolisikia uani: mtu wa mshahara huo analalamikia nini? Alijibu kwenye televisheni kwamba mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa. Sisi watu wa pwani neno hilo hatulichezei, tunajua lilipopita. Siku Babu aliponisimulia, nilinyamaza.

Kesi ya Flood ilifika Mahakama ya Juu mwaka 1972, akashindwa kwa kura 5 kwa 3. Wakati huo alikuwa ameshaacha kucheza. Alipoteza kazi, akapoteza kesi, na mpaka leo hayumo katika Jumba la Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown. Lakini mlango alioutikisa ulifunguka Desemba 1975, msuluhishi Peter Seitz alipoamua kwamba kifungu kile kinamfunga mtu mwaka mmoja tu, si milele. Warushaji wawili, yaani wale wanaomrushia mpigaji mpira, ndio walioweka majina yao kwenye shauri lile, Andy Messersmith na Dave McNally. McNally ni wa kwetu. Aliirushia Orioles, klabu ya hapa Baltimore, miaka mingi, na Babu alikuwa akimtazama pale uwanja wa zamani, Memorial Stadium. Shauri lilipoanza McNally alikuwa ameshaacha mpira na amerudi kwao Montana. Hakuwa na hata senti ya kupata. Aliliacha jina lake pale kwa ajili ya waliobaki. Kila dola ya Juan Soto imepita kwenye sahihi ile.

Na Soto amefanya nini cha ajabu? Mwaka 2022 klabu yake ya Washington ilimwekea mezani dola milioni 440, akakataa, watu wakasema ana kichaa. Desemba 2024 klabu ya Mets ya New York ikampa milioni 765 kwa miaka 15. Hakumwibia mtu. Alingoja mpaka sheria ikamruhusu kuuliza bei yake sokoni, maana mchezaji hapati uhuru huo kabla ya kutimiza miaka 6 ya utumishi katika ligi kuu. Miaka 3 ya mwanzo analipwa kiasi ambacho klabu inaona chafaa, mradi kisishuke chini ya kima kilichowekwa. Kima hicho ni kikubwa kwetu sisi, sikatai, dola 760,000 kwa msimu wa 2025. Lakini hebu tazameni upande wa pili wa mzani, ule ambao pale uani haukutazamwa. Klabu yetu hii ya Orioles ilinunuliwa na Peter Angelos na wenzake mwaka 1993 kwa dola milioni 173. Mwaka 2024 familia yake iliiuza kwa dola milioni 1,725. Miaka 31, thamani mara kumi karibu kamili, na mingi ya miaka hiyo timu ilikuwa inafungwa tu. Sijasikia mtu akizomewa kwa hilo. Mwenye klabu wa sasa, David Rubenstein, alisema mwanzoni mwa 2025 kwamba anatamani mchezo huu uwe na ukomo wa mishahara. Ukomo wa bei ya kuuzia klabu hakuutaja.

Kisha kuna wale wa chini, wa ligi ndogo wanakongojea kupandishwa ligi kuu, ambao ndio wengi. Mwaka 2018 Bunge la Marekani lilipenyeza ndani ya sheria ya bajeti kifungu cha kuwatoa vijana hao kwenye ulinzi wa kima cha chini cha mshahara. Kijana wa daraja la A alikuwa akipata kama dola 11,000 kwa mwaka, analala wanne chumba kimoja, anasafiri usiku kucha kwa basi. Walipojiunga na chama cha wachezaji mwaka 2022, mkataba wao wa kwanza, wa 2023, uliwapandisha hadi dola 26,200. Nataka wenzangu wa kazi ya majumbani mlisikie hili vizuri, maana sisi tunaifahamu njia hiyo. Sheria ya shirikisho ya kima cha chini na malipo ya saa za ziada ilituacha nje kwa miongo, ikituhesabu kuwa ni watu wa kuwapa wazee kampani tu, hadi utaratibu ulipobadilika mwaka 2015. Na mwaka 2025 serikali ilipendekeza kuturudisha kulekule. Kijana wa besiboli na mama anayemgeuza mgonjwa kitandani waliwekwa nje ya mlango mmoja.

Mtaniambia, sawa, lakini yule anayelipwa halafu hachezi? Chris Davis je? Nilijua mtamtaja.

Davis alipiga homurani 53 mwaka 2013, yaani mapigo ya kuutoa mpira nje ya uwanja, hakuna mtu wa Orioles aliyewahi kupiga nyingi hivyo kwa msimu mmoja. Januari 2016 klabu ikampa miaka 7, dola milioni 161. Mwili ukaanza kukataa. Mwaka 2018 wastani wake wa kupiga ulikuwa asilimia 16.8, wa chini kuliko wa mchezaji yeyote aliyecheza msimu wa kutosha kuhesabiwa katika historia ya ligi. Msimu uliofuata ulianza hivyohivyo. Aprili 2019 nilikuwa Camden Yards, juu kabisa upande wa kushoto, kwenye viti vya bei ya chini. Alipotoka kwenda kupiga, watu walianza kuzomea kabla hajafika kwenye sahani, pale pa kupigia. Karibu yangu baba mmoja alimnyanyua mwanawe wa kiume begani ili mtoto azomee vizuri. Davis alisimama, akasawazisha udongo kwa kiatu, akakosa, akarudi. Alifikisha mara 54 mfululizo bila kupata kitu. Nilimtazama akitembea kurudi benchi, hakukimbia na hakuinamisha kichwa, nikaona mtu anayerudi kazini kila siku akijua leo tena atashindwa mbele ya maelfu. Novemba ya mwaka huohuo yeye na mkewe wakatoa dola milioni 3 kwa hospitali ya watoto ya Chuo Kikuu cha Maryland hapa mjini. Mwaka 2021 alifanyiwa upasuaji wa nyonga, akastaafu. Klabu itamlipa kidogokidogo hadi 2037, kwa sababu hivyo ndivyo walivyokubaliana wenyewe. Hakuna aliyewashika mkono watie saini.

Na huyohuyo Davis, Septemba 2014, alifungiwa mechi 25 kwa kukutwa na amfetamini, dawa ya kuchangamsha mwili. Nalisema mapema kwa sababu nitalirudia.

Ratiba sasa. Mechi 162 watu wanaziona kama zimeshuka kutoka mbinguni. Ni hesabu ya kuzidisha. Zamani kila ligi ilikuwa na timu 8, ukikutana na kila mwenzako mara 22 unapata 154. Mwaka 1961 ligi moja ikaongeza timu mbili, wapinzani wakawa 9, mara 18, ndizo hizo 162, na ligi ya pili ikafuata mwaka uliofuata. Zimebaki hivyo kwa sababu kila klabu ina mechi 81 za nyumbani, na kila moja ni mlango wa tiketi, bia, maegesho na televisheni. Mimi sitaki zipunguzwe, nisiwafiche. Anayetaka mechi chache hajawahi kukaa na mgonjwa asiyetoka kitandani kuanzia Aprili hadi Septemba. Kwa Babu kila jioni ilikuwa na mechi, kama ilivyokuwa na chakula, na siku ya mapumziko ya timu alikuwa mkali tangu asubuhi. Besiboli ni mchezo wa kila siku. Ukiufanya wa wikendi utakuwa mchezo mwingine. Saa ya mrushaji waliyoileta mwaka 2023, inayompa sekunde chache tu za kurusha mpira, naishukuru pia, mwaka huo mechi ilishuka kutoka saa 3 na dakika 4 hadi saa 2 na dakika 40, na sisi tunaotoka zamu usiku tunalipata basi la mwisho.

Lakini anayetaka mechi 162 akubali kwamba mchezaji atapumzika. Hapo ndipo ninapogombana na wale wa tiketi. Mji huu una mtakatifu wake, Cal Ripken. Septemba 6, 1995 alicheza mechi ya 2,131 mfululizo, akaipita rekodi ya Lou Gehrig iliyokuwa imekaa tangu 1939. Namba kubwa ziligeuzwa kwenye ukuta wa ghala la matofali nyuma ya uwanja, mechi ikasimama dakika 22, akazunguka uwanja mzima akiwapa watu mikono. Alifika 2,632 kisha akakaa kwa hiari yake. Nampenda Ripken. Babu alilia kila mara redio iliporudia habari zake, maana yeye mwenyewe pale Sparrows Point alihesabu miaka yake kwa zamu alizokuja. Ila katika ofisi ya kampuni iliyokuwa ikinipangia kazi, picha ya Ripken ilikuwa imetundikwa juu ya meza ya msimamizi, na kila ulipopiga simu kusema unaumwa, msimamizi alikuambia itazame akilini ile picha. Mtu mmoja katika historia nzima ya mchezo amefanya alichofanya Ripken. Wakamfanya fimbo ya kutuchapia sisi sote.

Mwaka 2010 nilikuwa na mgonjwa wa pili, mwanamke mzito, na asubuhi moja nilipokuwa namhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti kitu kikakatika kiunoni. Sikuanguka, nilimshikilia mpaka akakaa, kisha nikashindwa kunyooka. Jioni yake nikapigiwa simu kwamba hakuna mtu mwingine wa zamu ya usiku. Mwenzangu mmoja akanipa vidonge kutoka kwenye mkoba wake, kwenye kichupa chenye jina la mtu tusiyemjua. Nikameza viwili, nikaenda. Nikafanya hivyo wiki sita. Kama ningekutwa, ningefukuzwa kazi siku hiyohiyo na cheti changu kingechukuliwa, na ingekuwa haki, kwa sababu niliingia kwenye nyumba za wagonjwa nikiwa na kichwa kisicho changu. Najua nilikosa. Ninachosema ni kwamba aliyenipigia simu alijua mgongo wangu uko vipi, na alinisifu kwa kufika.

Kwa hiyo kijana wetu anaponiambia dawa ziliua mchezo, namsikiliza kwa masikio mawili. Sikio moja linamkubali. Anayejidunga steroidi, zile dawa za kukuza misuli, anamwibia mtu halisi. Kuna kijana aliyekataa sindano, akapiga homurani kumi na mbili mahali mwenzake alipopiga thelathini, akabaki kwenye basi la ligi ndogo mpaka akarudi kwao kuuza magari. Huyo jina lake hatulijui, hajawahi kuulizwa na mwandishi yeyote, na msamaha wa rahisirahisi tunaoutoa kwa nyota tunautoa mfukoni mwake yeye.

Sikio la pili linakumbuka mwaka 1998. Miaka minne kabla yake mgomo ulikuwa umefuta fainali nzima, watu wamekasirika, viti vitupu. Kisha McGwire na Sammy Sosa wakaanza kufukuzana kwa homurani, 70 kwa 66, na viti vikajaa. Agosti ile mwandishi mmoja aliona chupa ya androstenedione, dawa ya kujenga misuli, kwenye kabati la McGwire, akaandika. Ilikuwa inauzwa madukani, na ligi ilikuwa haijaikataza. Aliyeshambuliwa ni mwandishi. Vipimo vyenye adhabu havikuanza hadi 2004, na mwaka 2005 adhabu ya kosa la kwanza ilikuwa siku 10. Vidonge vya amfetamini, vile vya kumwamsha mtu aliyeshuka kwenye ndege alfajiri na ana mechi mchana, vilizoeleka vyumbani kwa miongo, na havikupimwa hadi 2006. Mechi 162, mgongo mmoja. Nani hakujua? Ripoti ya seneta George Mitchell ya Desemba 2007 ilitaja wachezaji 89 na ikaandika wazi kwamba lawama ni ya wote, kuanzia kwa kamishna. Lakini tuliyakariri majina ya wachezaji, basi. Kamishna wa miaka hiyo, Bud Selig, aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa mwaka 2017. Bonds alimaliza miaka yake kumi ya kura za waandishi mwaka 2022 kwa asilimia 66, na inatakiwa 75. Simwombei Bonds aingie. Nashangaa mlango mmoja umepimaje watu wawili.

Siku hizi adhabu ni nzito, mechi 80 kwa kosa la kwanza, msimu mzima kwa la pili, maisha kwa la tatu. Ni vizuri. Ila mwangalie wanaofungiwa kule chini, wengi ni vijana wa Jamhuri ya Dominika, wanaosajiliwa wakiwa na miaka 16, familia nzima imekaa juu ya sahihi moja. Sisi tunaotuma fedha nyumbani kila mwisho wa mwezi tunaujua uzito huo ulivyo. Na sasa soko lile limefika kwetu. Watoto wa Lugazi, Uganda, walicheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya wenzao kunyimwa viza, na mwaka 2022 klabu ya Dodgers ya Los Angeles ikasajili vijana wawili Waganda. Wazazi mlio hapa, wenye watoto wanaocheza viwanja vya mtaani, someni mkataba kabla ya mtoto kuwekewa kalamu mkononi. Waliofanya kazi hiyo kwa lugha ya Kiingereza wapo katika chumba hiki, waulizeni.

Mkataba wa pamoja kati ya ligi na wachezaji unafika mwisho Desemba 1, 2026. Mara ya mwisho ulipoisha, wenye klabu walifunga milango siku 99. Wakifunga tena, mtasikia kila mahali kwamba ni mabilionea wanagombana na mamilionea, wote sawa. Mimi nitakuwa upande wa McNally, na sitaona haya kuusema hata msibani.

Nimalizie kwa Palmeiro, kwa kuwa kijana wetu alimtaja. Machi 2005 alikaa mbele ya Bunge, akanyoosha kidole, akasema hajawahi kutumia steroidi. Julai 15 timu ilikuwa Seattle, mechi ya huko, kwa saa za kwetu, inaanza saa nne usiku. Babu alitaka kukesha, kwa sababu Palmeiro alikuwa anatafuta pigo lake la 3,000, lakini ilipofika awamu ya tatu kati ya tisa alikuwa ameshalala, daftari kifuani. Nikalichomoa polepole. Awamu ya tano Palmeiro akapiga, mpira ukamfikisha kituo cha pili, nikachora mistari miwili ya kisanduku na pembeni nikaandika 3,000, peke yangu, kwa mara ya kwanza bila kukaguliwa. Asubuhi Babu aliutazama ule ukurasa kwa muda mrefu, akasema mwandiko wangu unaanza kufaa.

Agosti 1 ikatangazwa kwamba amekutwa na steroidi. Jioni ile Babu hakuwasha redio. Akaniomba daftari na penseli, akafungua ukurasa ule wa Julai, na mimi nikamsogezea kifutio, nikidhani ndicho anachotaka. Akakirudisha mezani. Chini ya 3,000 yangu akaandika tarehe, Agosti 1, kwa herufi ndogo, akafunga daftari. Alifariki kabla ya kiwanda cha Sparrows Point kufungwa mwaka 2012, na wanawe wakaniuliza kama kuna kitu chake ningependa kubaki nacho. Lipo nyumbani kwangu, kwenye kabati la vyombo, na ukurasa ule una miandiko miwili.